Kwa nini ORS ina chumvi na sukari pamoja

Tukipita nyumba kwa nyumba na pakiti za ORS tunaulizwa: "Mtoto anaharisha, nyinyi mnatuletea maji ya chumvi na sukari. Dawa iko wapi?" Hata mimi kabla ya kufundishwa niliuliza hivyo hivyo.

Jibu liko ndani ya utumbo. Ukuta wake umejengwa kwa seli, ndogo mno hazionekani kwa macho. Kila seli imezungukwa na utando wa tabaka mbili za mafuta, na unajua mwenyewe mafuta na maji hayachanganyiki. Kwa hiyo chumvi na sukari zikiyeyuka kwenye maji haziwezi kupenya utando huo hivi hivi. Zinapitia kwenye vijilango vya protini, na kila kijilango kina vitu vyake.

Sumu ya kipindupindu huacha wazi kijilango kinachotoa chumvi. Chumvi ikitoka, maji huifuata. Mtu mzima anaweza kupoteza hata lita 1 kwa saa! Lakini kuna kijilango kimoja ambacho sumu hiyo haikigusi, nacho huingiza chumvi na sukari kwa pamoja. Ikija chumvi peke yake hakiipitishi. Zikija zote mbili zinaingia, na maji yanafuata nyuma.

Mwaka 1971 wakimbizi kutoka Bangladesh walikuwa wakifa kwa kipindupindu huko Bongaon, India. Dripu zilikuwa zinakwisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaamua wanyweshwe maji ya chumvi na sukari, na ndugu zao ndio waliowanywesha kwa vikombe. Kabla ya hapo walikufa karibu 30 katika kila wagonjwa 100. Kwa waliohudumiwa naye hawakufika 4. Nao walikuwa wakimbizi kama sisi.

Basi mama, pakiti moja ni ya lita moja ya maji safi. Usigawe nusu ukabakiza ya kesho. Usiongeze sukari ili mtoto apende, maana sukari ikizidi huvuta maji kutoka mwilini kurudi utumboni, na kuhara kunaongezeka. Ataendelea kuharisha kwa muda. Usiache kumpa, kwani kazi ya ORS ni kurudisha maji. Akitapika subiri dakika 10, kisha mpe kidogo kidogo kwa kijiko. Yaliyobaki baada ya saa 24 yamwage.

Ukiona macho yamezama, au amelegea hataki kunywa, mlete kituo cha afya usiku huo huo, usingoje kupambazuke.