KAZI YA KICHWA IFANYE ASUBUHI



Leo tuzungumze juu ya nguvu ya kufikiri na kubuni. Mwili una nguvu za kulima. Kichwa nacho kina nguvu zake. Nguvu hizo huchoka, na huhitaji kutunzwa.

Kazi ya kichwa ni ipi? Ni kutunga wimbo. Ni kubuni nakshi ya mkeka. Ni kuandika barua yenye jambo zito. Ni kusoma somo jipya ulilopewa na mwalimu wako. Kazi kama hizi hazitaki mikono tu, zinataka mawazo mapya. Wengi wetu huzifanya usiku, baada ya kazi nyingine zote kwisha. Hata mimi nilifanya hivyo, nikashindwa.

Wakati wa mvua zilizopita watoto wengi waliletwa kwenye zahanati yetu wakiharisha. Nikaamua kutunga wimbo wa kuwafundisha akina mama kunawa mikono kwa sabuni. Nilijua kwamba neno la afya likipangwa vizuri hufanya kazi. Wazee wetu wanaikumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikaa vikundi vikundi, wakasikiliza redio na kujadiliana. Kisha walichukua majembe wakachimba vyoo.

Basi kila usiku nilikaa mezani na taa. Siku ya sita karatasi yangu ilikuwa na kichwa cha wimbo tu. Siku ya saba nililala juu ya meza. Kliniki ilifika, wimbo haupo. Nikasema maneno yale yale ya siku zote, na akina mama wakasinzia.

Asubuhi moja nilikwenda kumfunga kidonda bibi mmoja jirani. Jua lilikuwa linachomoza. Nilimkuta barazani anasuka ukili.

"Shikamoo, bibi. Mbona unasuka mapema hivi?"

"Marahaba, mjukuu wangu. Nakshi hii ina rangi tatu. Nikikosea njia moja, naufumua ukili wote. Kwa hiyo naisuka sasa, ukindu ukiwa laini na kichwa hakijachoka. Jioni nitaunga tu kwa sindano. Hiyo haina mawazo mengi."

Nilirudi nyumbani nimepata somo. Kesho yake niliandika kwa nusu saa kabla ya kwenda kazini. Nilipata mistari mitatu. Asubuhi ya nne wimbo ulikuwa umekwisha. Siku hizi akina mama huuimba wakingoja watoto wao wapimwe uzito.

KWA NINI ASUBUHI?

Kwanza, usingizi hupumzisha ubongo. Tukiwa tumelala, ubongo hupanga na kuhifadhi yale tuliyojifunza mchana. Ndiyo maana jambo lililokushinda jana jioni linaweza kuwa rahisi leo asubuhi.

Pili, kadiri tunavyokaa macho ndivyo usingizi unavyozidi kutuelemea. Kazi ya shamba, jua kali na jasho huongeza uchovu. Mtu aliyepungukiwa na maji mwilini hufikiri kwa shida.

Tatu, asubuhi kuna mwanga wa bure. Moshi wa kibatari huwasha macho na kudhuru kifua. Hata mwenye taa ya sola akumbuke kwamba mbu waenezao malaria huuma usiku. Anayekesha nje ya chandarua hujihatarisha.

UFANYEJE?

1. Lala mapema. Mtu mzima anahitaji usingizi wa saa 7 au zaidi. Ukilala saa 3 usiku na kuamka saa 11 alfajiri, umelala saa 8. Kuamka alfajiri bila kulala vya kutosha ni kujidanganya.

2. Tayarisha usiku. Weka daftari, kalamu au ukindu mahali pamoja. Chagua kazi moja tu.

3. Ukiamka usianze papo hapo. Kichwa huwa bado kizito kwa robo saa au nusu saa. Nawa uso, kunywa maji, tembea kidogo. Kama bado giza, kaa ndani na ufunike miguu. Mbu wa malaria huuma mpaka alfajiri.

4. Fanya kazi hiyo kwa nusu saa kabla ya habari za redio, simu au maongezi. Kisha kunywa uji uende shambani. Jembe halitakasirika kwa nusu saa.

5. Kazi zisizotaka mawazo mengi, kama kupukuchua mahindi, ziweke jioni.

Hapa nina neno kwa akina baba. Mama anayejifunza kusoma huamka kabla ya wote. Huchota maji, huwasha moto, hupika uji, hufagia. Daftari lake hulifungua usiku, macho yakiwa yanafumba. Kisha tunasema hana akili ya kusoma! Akili anayo, ila tumemwachia makombo ya siku. Ndugu yangu, chota ndoo moja ya maji. Mtoto mkubwa naye afagie. Mama atapata nusu saa yake.

Watu hawafanani. Wako ambao vichwa vyao huchangamka baadaye. Mlinzi wa usiku asubuhi yake ni pale anapoamka baada ya kulala vya kutosha. Mama mwenye mtoto mchanga alale kila mtoto anapolala. Jambo kubwa ni hili: saa ile ambayo kichwa chako kina nguvu, usiipe kazi ndogo.

Na kama unalala vizuri lakini kila siku unaamka mchovu, usijiite mvivu. Huenda una upungufu wa damu, minyoo, au ugonjwa mwingine. Njoo zahanati upimwe.

Wahenga walisema, biashara asubuhi, jioni mahesabu. Ndugu msomaji, je, kuna barua au wimbo uliouweka kiporo kwa muda mrefu? Leo usiku weka kalamu yako tayari, kisha ulale. Kesho jua likichomoza, anza.