Mbuzi wa Monterrey hataki bizari

Kila nikitaja mbuzi wa kubanika mbele ya jamaa zetu hapa Maskati, swali la kwanza ni hilo hilo: umemtia nini? Thumu? Tangawizi? Ndimu? Watu wa Monterrey, jimbo la Nuevo León kaskazini mwa Meksiko, wangeshangaa kuulizwa hivyo. Mbuzi wao, cabrito al pastor, yaani mbuzi wa kichungaji, hutiwa chumvi. Basi.

Siri ni mbuzi mwenyewe. Ni mwanambuzi wa siku 30 hadi 40, aliyelelewa kwa maziwa ya mama yake tu, hajaonja jani. Akianza kula majani ladha hubadilika, na kule hahesabiwi tena kuwa cabrito. Akishachunwa huwa kilo 5 hivi. Kwa hiyo usimwambie mchinjaji "nataka mbuzi mdogo" ukanyamaza, atakuletea wa miezi sita. Sema anayenyonya. Wala msimchanganye na udhiya: mbuzi wa kuchinja Idi sharti awe ametimiza mwaka. Huyu ni wa karamu, na bei yake si ndogo.

Hupasuliwa kifuani, akatandazwa kama samaki wa kubanika, akachomekwa kwenye chuma kirefu. Chuma husimamishwa ardhini, kimeinama kidogo kuelekea makaa. Makaa, jamani, si ndimi za moto! Upande wa ndani, wa mbavu, ndio huangalia moto kwanza, mgongo baadaye. Muda wake ni saa mbili na nusu hadi tatu, na mpishi habanduki.

Sasa bizari. Shuwa yetu hufukiwa, nyama imefungwa kwenye majani, viungo vinaingia taratibu. Huyu yuko wazi mbele ya moto saa zote hizo, hana mafuta ya kumkinga. Thumu na bizari huungua zikawa chungu kabla nyama haijaiva, na ndimu hulegeza nyama ambayo tayari ni laini. Roho ya mwezi mmoja imetolewa. Kuiunguza kwa sababu mkono umezoea kopo la bizari ni israfu.

Kuni zao ni mesquite. Msidhani ni mti wa mbali. Ndugu yake ni ule mti wa miba uliovamia mabonde ya Oman na Emarati, na Kenya wanauita mathenge. Kateni huo, hakuna atakayeulilia. Mghafu nao ni wa ukoo mmoja, lakini uacheni. Ni mti wa taifa wa Emarati na kivuli cha wazee wetu.

Wanaokaa kwenye flati wasijaribu makaa barazani. Tieni kwenye oveni ya moto mdogo. Atakuwa mtamu, ila hatakuwa yule.

Mkifika Monterrey wenyewe, angalieni: fritada ni mbuzi aliyepikwa kwa damu, na yale maharage yao ya mchuzi mara nyingi yana nguruwe. Mikate yao ya ngano, myembamba kama chapati, haina wasiwasi mkiuliza mafuta yake.

Kipande kinachogombewa kule ni riñonada, sehemu ya kiuno yenye figo. Wajukuu zangu hawajakijua bado, na mie siwaambii.