Neno "Mchoro" na Vishimo vya Miambani katika Nchi za Ziwa

Kitenzi "kuchora" kina maana mbili ambazo wasemaji wa zamani hawakuona haja ya kuzitenga. Fundi wa Unguja achoraye mlango hukata mti kwa patasi. Mtoto wa shule achoraye ramani hupitisha wino tu juu ya karatasi. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inazitia maana zote mbili mahali pamoja. Lakini katika matumizi ya leo maana ya pili imeishinda ya kwanza, na mwanafunzi wa Kamunyonge, mjini Musoma, aambiwapo kuna "michoro ya miambani" hutazamia kuona picha.

Katika miamba ya Kondoa hakosei. Huko ziko sanamu za watu na wanyama zilizopakwa kwa rangi. Mary Leakey alizinakili mwaka 1951, na mwaka 2006 mahali hapo pakaingizwa katika Urithi wa Dunia. Taabu huanza mtu akielekea Ziwa Victoria na mbuga za mashariki yake, maana huko kuna kazi nyingine ya mkono wa binadamu ambayo haina picha hata kidogo.

Mfano ulio mzuri upo Moru, katika Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, kusini ya Seronera. Ni jiwe kubwa la matale lililojaa vishimo vya mviringo. Likigongwa kwa jiwe dogo hulia kama chuma, na sauti hubadilika kwa kadiri ya mahali palipogongwa. Sababu yake si ya ajabu: jiwe limekaa juu ya mengine likigusana nayo mahali pachache, hivyo mtikisiko wake haufi upesi. Katika kilima kingine cha mawe cha huko huko Moru zimo alama za ngao za Wamasai, zilizopakwa kwa rangi nyekundu, nyeupe na nyeusi. Wamasai walihama Serengeti mwaka 1959. Wageni huonyeshwa mahali pote pawili siku moja, na kwa Kiswahili pote huitwa penye "michoro".

Wala Moru si peke yake. Katika kisiwa cha Lolui, upande wa Uganda wa Ziwa, Posnansky na wenzake walieleza mwaka 1965 juu ya mawe yaliayo pamoja na rangi zilizopakwa miambani. Wao walikuwa na jina kwa kila jambo. Kiswahili kinalo moja tu kwa yote.

Ni kweli kwamba vishimo si vya namna moja. Vikipangwa kwa safu, mtu atafikiri bao, na pengine atakuwa amesema kweli; bao la Kiswahili lina safu nne za mashimo manane, na mchezo huacha mpango ulio sawasawa. Vishimo vya jiwe liliapo havina safu. Vimefuata mahali penye sauti, tena havikukusudiwa kuwa vishimo: ni alama zilizoachwa na mapigo. Kumwita aliyevifanya "mchoraji" ni kumpa nia asiyokuwa nayo.

Basi aitweje? "Mchongo" ungefaa, lakini vijana wamekwisha kulichukua neno hilo kwa maana ya mpango wa kupatia fedha. "Chanjo" ni mali ya waganga. Kipo kitenzi "kugogota", yaani kupiga kitu kigumu mara kwa mara, ambacho kimempa ndege kigogota jina lake. Naye hutoboa mti kwa mapigo, na mapigo yake husikika mbali. Kutokana na "kugota" lugha inalo tayari neno "mgoto", lenye maana ya pigo na ya mlio wa pigo pia. Kishimo kimoja chaweza kuitwa "kigoto", na jiwe lenyewe "jiwe la upatu", kwa kuwa upatu ni sahani ya shaba ipigwayo ilie.

Jambo hili si la kamusi tu. Matale ya nchi za Ziwa huvunjwa kila siku kuwa kokoto. Mwandishi wa orodha ya mambo ya kale akitumwa kilimani kuuliza "michoro", mwenyeji atajibu kwa haki kabisa kwamba hapana, na mwamba wenye vigoto utabaki nje ya orodha, karibu na nyundo.