KUVUNJA NYUMBA USIKU: SHERIA YASEMAJE?

Watu wengi hudhani kwamba asiyebomoa ukuta wala kuvunja kufuli hawezi kushtakiwa kwa kuvunja nyumba. Sivyo. Kwa Kanuni ya Adhabu ya Kenya, mtu akisukuma mlango ulioshindikwa tu, amevunja. Na mkono wake ukipita dirishani, ameingia.

Saa nazo zina uzito. Usiku wa sheria huanza saa 12 na nusu jioni, hukoma saa 12 na nusu asubuhi. Avunjaye nyumba wakaamo watu ili aibe aweza kufungwa miaka 7. Akifanya hivyo usiku, miaka 10.

Lakini upande wa mashtaka hauna budi kuthibitisha kila jambo: kwamba nyumba ni ya kukaa watu, kwamba ilivunjwa, kwamba aliyeingia ndiye mshtakiwa, na kwamba nia yake ilikuwa kutenda kosa kubwa, kama wizi.

Tuseme mkulima ametoka pombeni gizani. Asukuma mlango wa jirani akidhani ni wake, akalala. Mayowe yapigwa, naye akamatwa. Mbele ya hakimu, kwa hofu na aibu, asema, “Ni kweli, nisameheni.” Kuingia ni kweli, lakini nia ya kuiba haikuwapo. Kukiri kwake kukiandikwa, aweza kuhukumiwa bila shahidi hata mmoja kuitwa. Na rufani yake itahusu adhabu tu. Wakili angaliiona hatari hiyo mapema.

Katiba ya mwaka 2010 yampa mshtakiwa haki ya kunyamaza, ya kupata mkalimani bila malipo, na ya kuchagua wakili. Asiyeweza kumlipa aweza kupewa wakili na Serikali, ikiwa kumkosa kutaleta dhuluma kubwa. Sheria ya mwaka 2016 iliunda Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria kwa ajili ya maskini.

Basi ndugu wa mshtakiwa wasikimbilie kuuza ng'ombe ili wampe mtu wa njiani aahidiye “kumaliza kesi.” Na waombe nakala ya mashtaka, wawatafute waliomwona jioni ile, kisha wamwendee wakili. Naye mshtakiwa asikiri neno asilolielewa. Amwombe hakimu asomewe tena mashtaka, kwa lugha anayoijua.