Simu Inajua Chumba, Dalali Anajua Nyumba

Mwaka wa pili, wiki moja kabla ya chuo kufunguliwa, nilipoteza shilingi 50,000 nikiwa nimelala kitandani. Nilikuwa nimekosa hosteli, bado nipo nyumbani mkoani, naperuzi kundi la vyumba la WhatsApp. Picha moja ikanivutia: chumba masta, vigae, feni, geti jeusi, "dakika tano kutoka chuo". Mwenye tangazo akaniambia kuna wenzangu wanne wanakitaka, kwa hiyo nitume hela ya kushikia chumba. Nikatuma. Nilipofika Dar es Salaam na begi langu, simu yake ikawa haipatikani. Geti jeusi nililipata, dereva wa bodaboda aliitambua nyumba kwenye picha. Ndani kulikuwa na mpangaji mwenye miaka mitatu pale. Picha zilipigwa kabla hajahamia.

Tangu siku hiyo, nikisikia mtu anasema "muda wa madalali umekwisha, sasa hivi kila kitu kipo kwenye simu", nacheka kidogo. Mimi sikuibiwa na dalali wa kijiweni. Niliibiwa mahali ambapo dalali hayupo kabisa. Lakini usidhani naandika kuwatetea madalali. Wametutesa vya kutosha, tutafika huko. Ninachotaka tukiangalie hapa ni hiki: katika kazi ya dalali, kipi simu inakiweza kuliko yeye, na kipi haikiwezi?

Dalali anafanya kazi gani hasa?

Neno dalali tumelitoa kwenye Kiarabu, na ni ndugu wa neno dalili. Asili yake ni kuonesha, kumwelekeza mtu njia. Ukiichambua kazi yake hapa mjini utakuta ni kazi nne ndani ya moja. Anajua vyumba vilivyo wazi. Anakupeleka kuviona. Anasuluhisha bei kati yako na mwenye nyumba. Halafu anakuwa kama mdhamini: mwenye nyumba hakujui, wewe humjui mwenye nyumba, lakini wote wawili mnamjua yeye.

Kazi mbili za kwanza ni habari tu, na kwenye habari simu inamshinda dalali mchana kweupe. Hapo ndipo penye mateso yetu. Unatoa elfu kumi au elfu ishirini ya kuoneshwa, ambayo hairudi. Unazungushwa juani vyumba vitano: kimoja kimeshachukuliwa, cha pili hakina maji, cha tatu kiko mbali na ulikoambiwa, cha nne bei imepanda njiani. Jioni umechoka, hela imekwenda, chumba huna. Kesho dalali mwingine, elfu ishirini nyingine.

Kuna jambo nilichelewa kulielewa. Dalali anayelipwa kwa kuonesha, anakula kwa kuonesha. Akikupatia chumba mara moja amekula mara moja. Siyo lazima awe mtu mbaya, malipo yenyewe ndiyo yamemfundisha hivyo.

Mzee wa Msewe

Baada ya kuibiwa nililala kwa rafiki siku kumi na moja, watatu kitanda kimoja. Mama lishe wa pale jirani ndiye aliyenielekeza kwa mzee mmoja wa Msewe, dalali wa siku nyingi, anakaa kwenye benchi nje ya duka na kauntabuku lake limechakaa.

Nikampa shikamoo, nikamwambia bajeti yangu ni elfu sitini kwa mwezi. Hakunionesha kitu. Akaanza kuniuliza: "Mwanangu, unasoma usiku? Unapikia gesi au mkaa? Wageni wako wengi?" Nikahisi kama nipo kwenye usaili. Kisha akafungua daftari. Chumba cha kwanza kwenye orodha alikiruka. Nikamuuliza mbona hicho bei yake ni nzuri? Akajibu: "Kizuri, ila Luku moja watu saba, na kila mwisho wa mwezi wanagombana. Wewe una mitihani." Cha pili nacho akakiruka: "Hiki ukikiona leo utakipenda. Subiri masika, maji yanaingia mpaka uvunguni." Cha tatu ndicho ninachoishi mpaka leo.

Sasa jiulize, ni tangazo gani lingeniambia habari ya ugomvi wa Luku? Ni picha gani iliyopigwa kiangazi ingeonesha maji ya masika? Simu inajua chumba: ukubwa, vigae, bei, umbali. Dalali mzuri anajua nyumba: nani anaishi humo, mwenye nyumba ni mtu wa namna gani, mpangaji aliyetoka alitoka kwa nini.

Tena mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Bumu lilikuwa halijatoka. Mzee akaenda kuongea naye, akarudi na miezi mitatu. Nilimuuliza alimwambia nini. "Nimemwambia nakujua." Alikuwa amenijua kwa siku mbili, lakini neno lake lilikuwa na uzito ambao kitambulisho changu cha chuo hakina.

Waliojaribu kumtoa dalali

Wenzetu wenye mitaji mikubwa wamelijaribu jambo hili. Marekani, kampuni ya Zillow ilianza mwaka 2018 kununua nyumba yenyewe na kuziuza tena, ikitegemea kompyuta kukadiria bei. Novemba 2021 ikatangaza kuifunga biashara hiyo. Katika robo moja tu ya mwaka thamani ya nyumba ilizokuwa imenunua ilibidi ishushwe kwa zaidi ya dola milioni 300, na robo ya wafanyakazi wakapunguzwa. Mkuu wake wa wakati huo, Rich Barton, alikiri kwamba kutabiri bei za nyumba kulikuwa kugumu kuliko walivyotegemea. Zillow yenyewe bado ipo, lakini angalia inavyokula: sehemu kubwa ya mapato yake inatoka kwa madalali wanaoilipa ili iwaletee wateja. Kwa maneno mengine, imerudi kufanya kazi na walewale.

Uingereza kulikuwa na Purplebricks, iliyoingia sokoni mwaka 2014 na udalali wa mtandaoni kwa ada isiyobadilika. Kwa muda mrefu muuzaji alilipa ada hiyo hata kama nyumba haikuuzwa. Mwaka 2023 biashara hiyo ikauzwa kwa pauni moja. Sababu za kuanguka kampuni huwa ni nyingi, lakini hiyo ada inanikumbusha elfu ishirini yetu ya kuoneshwa. Uwe mtandaoni au juani, ukishamlipa mtu kabla hajamaliza kazi, umempunguzia sababu ya kuimaliza.

Na hapa kwetu tuna mfano mdogo. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye Luku. Ilianza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, tangu mwaka 2023 ni 1,500. Kwa ukusanyaji, mfumo unafanya kazi vizuri. Ila kodi ile ni ya mwenye nyumba, na anayenunua umeme ni mpangaji. Mashine imechukua hela, basi, kazi yake imeishia hapo. Nani amrudishie nani, hilo mnakaa chini watu na mnaongea. Kwetu sisi aliyekaa katikati alikuwa yule mzee.

Kugawana kazi

Kwa hiyo naona mpango ni rahisi. Kazi ya habari tuiachie simu. Chumba kikiwa wazi kipigwe video yenye tarehe, kitumwe na mahali kilipo kwenye ramani, kikichukuliwa kifutwe siku hiyohiyo. Tangu operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022 mitaa mingi ina majina na nyumba zina namba, kwa hiyo "karibu na chuo" haitoshi tena. Malipo yapite kwenye simu ili ushahidi ubaki, na mkataba upigwe picha kila mtu abaki na nakala. Hapo ada ya kuoneshwa inakosa kazi, kwa sababu umeshaona. Dalali alipwe ukishapata ufunguo, kwa kile ambacho simu haina: kukuchagulia, kukuombea na kukusimamia mkigombana.

Mimi nasomea ualimu, na darasani tunaulizwa kila leo kama kompyuta itatunyang'anya kazi. Jibu langu ni lilelile. Mwalimu ambaye kazi yake yote ni kusoma notisi ubaoni, huyo ajiandae. Anayemjua mwanafunzi wa benchi la nyuma kwa nini hajaleta daftari wiki nzima, huyo projekta inampunguzia mzigo tu.

Mwaka huu mimi na mwenzangu wa chumba tulikaa na yule mzee Jumamosi mbili, tukahamishia kauntabuku lake kwenye simu. Vyumba thelathini na viwili, kila kimoja na video. Alitusumbua kidogo kuhusu safu moja. Tulikuwa tumeandika bei, maji, umeme, umbali. Akasema mbona hamjaweka "jirani"? Tukaiongeza.

Wanaoanza mwaka wa kwanza, nawaomba jambo moja. Usitume hela ya kushikia chumba ambacho wewe au mtu unayemwamini hajakanyaga ndani. Omba video ya leo, siyo picha. Ukifika, pita kwanza ofisi ya serikali ya mtaa uulize nyumba ni ya nani. Na ukimpata dalali anayekuuliza maswali mengi kabla ya kukutajia bei, usikasirike. Mjibu.