Mtihani wa Ushuru Haupimi Kumbukumbu

Karatasi ya Fedha za Umma na Ushuru ya KASNEB, bodi ya mitihani ya uhasibu nchini Kenya, huanza kwa kumpa mtahiniwa kitu ambacho wengi wamekesha wakikikariri. Kabla ya swali la kwanza pamechapishwa viwango vya ushuru wa mapato, nafuu ya mlipaji ya shilingi 2,400 kwa mwezi, na viwango vya makato yanayoruhusiwa kwa magari, mitambo na majengo ya biashara. Bodi hii, iliyoundwa mwaka wa 1969, ingetaka kupima kumbukumbu ingeliliondoa jedwali hilo. Imeliacha kwa makusudi, na mtahiniwa wa Kitui, Mwingi, Wote au Kibwezi anayejiandaa kwa mtihani wa CPA anapaswa kuuliza ni nini basi kinachopimwa. Jibu langu ni kwamba kinachopimwa ni uwezo wa kuisoma sheria na kuamua jambo la mbele yako linaangukia wapi: ni mapato ya aina gani, ni ya nani, ya mwaka upi, na ni gharama zipi zinazokubalika dhidi yake. Hesabu inakuja baadaye, na kwa kawaida ni nyepesi. Anayeanza na hesabu hufanya kazi kubwa kwa bidii halafu akapata jibu la swali ambalo hakuulizwa.

Tuchukue mfano wa kubuni kutoka soko lolote la Kitui. Mfanyabiashara ananunua ndengu kwa wakulima na kuziuza Nairobi. Mauzo yake ya mwaka ni shilingi 6,000,000, na vitabu vyake vinaonyesha faida ya 390,000. Katika gharama alizoondoa mna karo ya watoto, 150,000, na uchakavu wa pikapu aliyoinunua kwa 1,200,000, ambao yeye mwenyewe ameukadiria kuwa 240,000. Mtahiniwa aliyezoea hesabu huingia kazini mara moja. Karo anairudisha, kwa sababu kifungu cha 15 cha Sheria ya Ushuru wa Mapato kinakubali tu gharama iliyotumika yote, na kwa ajili ya kuzalisha mapato hayo peke yake. Uchakavu pia anaurudisha, kwa kuwa sheria haiutambui, na badala yake anaondoa makato ya asilimia 25 ya bei ya pikapu, yaani 300,000. Faida inayotozwa ushuru inakuwa 480,000. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2023, 288,000 za kwanza zinatozwa asilimia 10, 100,000 zinazofuata asilimia 25, na 92,000 zilizobaki asilimia 30. Jumla ni 81,400. Ukiondoa nafuu ya mwaka ya 28,800, mfanyabiashara analipa 52,600.

Hesabu hiyo ni safi, lakini kuna swali lililopaswa kutangulia. Mkaazi wa Kenya ambaye biashara yake inauza kati ya shilingi milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka anaangukia kwanza katika ushuru wa mauzo, ule ambao wafanyabiashara wanauita TOT. Huo ni asilimia 3 ya mauzo yote, bila kuondoa gharama yoyote. Kwa mtu wetu ni shilingi 180,000, zaidi ya mara tatu ya ile hesabu nyingine. Anaruhusiwa kujitoa katika utaratibu huo, lakini mpaka amwandikie Kamishna wa ushuru kumjulisha. Akishajitoa, linazuka jambo la tatu: tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya kielektroniki ya mfumo wa eTIMS haikatwi katika mapato, isipokuwa zile chache ambazo sheria imezitenga. Wakulima waliomuuzia ndengu wengi hawana mfumo huo. Sheria iliyoanza kutumika tarehe 27 Desemba 2024 ililitazama hilo na kumwezesha mnunuzi kutoa ankara mwenyewe pale muuzaji ni mkulima mdogo ambaye mauzo yake hayazidi milioni 5. Asipofanya hivyo, fedha alizonunulia mzigo hazitahesabiwa kuwa gharama, na uamuzi wa kujitoa uliokuwa wa busara utamletea hasara. Katika yote haya hakuna hesabu inayomshinda mwanafunzi wa sekondari. Ugumu uko katika kuyapanga maswali kwa utaratibu wake.

Ushuru wa ongezeko la thamani (VAT) unathibitisha jambo lilelile. Mauzo ya mtu wetu yamepita shilingi milioni 5, kiwango ambacho kikifikiwa usajili wa VAT unakuwa wa lazima, na mtahiniwa mwenye haraka atamsajili. Sheria hata hivyo inahesabu mauzo ya bidhaa zinazotozwa VAT, na mazao ya shambani ambayo hayajasindikwa yamesamehewa. Ndengu ghafi hazihesabiwi hata zikifika milioni 50. Ukivuka ukaingia Makueni utakuta embe moja likipita katika milango mitatu ya sheria hiyo. Likiuzwa bichi sokoni Wote, limesamehewa, na muuzaji hawezi kudai VAT aliyoilipa kwenye pembejeo. Likisafirishwa nje ya nchi, linatozwa kiwango cha sifuri, na msafirishaji ana haki ya kurudishiwa. Likipita katika kiwanda kama kile cha matunda cha kaunti kilichoko Kalamba na kutoka likiwa juisi, linatozwa asilimia 16, na juu yake ushuru wa bidhaa unaohesabiwa kwa lita. Aliyesamehewa na anayetozwa sifuri wote hawamwongezei mteja hata senti, lakini mmoja anabeba gharama ambayo mwenzake anarudishiwa. Mtahiniwa aliyekariri kwamba chakula hakina VAT ataandika jibu moja kwa maembe yote matatu.

Nusu ya kwanza ya jina la somo, yaani fedha za umma, nayo inadai usomaji wa namna hiyo. Kifungu cha 209 cha Katiba kinaiachia Serikali ya Kitaifa peke yake ushuru wa mapato, VAT, forodha na ushuru wa bidhaa, na kuzipa kaunti ushuru wa ardhi na majengo, ushuru wa burudani, na mwingine wowote utakaoruhusiwa na Bunge. Kifungu hichohicho kinakataza kaunti kutumia mamlaka yake kwa namna itakayodhuru biashara inayovuka mipaka ya kaunti au usafirishaji wa bidhaa nchini. Lori la maembe linalotoka Makueni kwenda Mombasa linapitia kaunti kadhaa. Kueleza ni nani anaweza kulidai nini njiani kunahitaji mtu aliyekisoma kifungu chenyewe akajua kila neno lake linabana wapi.

Pingamizi la kwanza, na ndilo zito, ni kwamba maswali hujirudia, kwa hiyo karatasi za miaka iliyopita ndiyo njia ya mkato iliyothibitika. Ni kweli kwamba umbo la maswali hujirudia, na hakuna atakayefaulu bila kuyafanyia mazoezi. Majibu yake, hata hivyo, huzeeka. Tazama ile pikapu. Katika majibu ya kabla ya 2020 gari la aina hiyo lilikuwa katika daraja la tatu la mali, asilimia 25 ya salio linalopungua. Leo kiwango ni kilekile, asilimia 25, lakini tangu marekebisho ya Sheria ya Fedha ya 2021 makato hutolewa kwa mafungu sawa. Mwaka wa kwanza majibu yote mawili yanatoa 300,000. Mwaka wa pili jibu la zamani linatoa 225,000, na jibu la leo 300,000. Jedwali la mbele ya karatasi halitamwokoa aliyekariri njia ya zamani, maana namba anayoiona ndiyo ileile aliyoizoea. Ushuru wa mauzo nao ulishushwa kutoka asilimia 3 hadi 1 mwaka wa 2020, kisha Julai 2023 ukarudishwa 3, na ukomo wake wa juu ukashuka kutoka milioni 50 hadi 25. VAT ilikuwa asilimia 14 kuanzia Aprili hadi mwisho wa 2020, kisha ikarudi 16.

Mwaka wa 2024 ulilionyesha jambo hili waziwazi. Mswada wa Fedha wa mwaka huo uliondolewa baada ya maandamano ya tarehe 25 Juni, kwa hiyo aliyekuwa amejisomea mapendekezo yake alikuwa amesoma kitu ambacho hakikuwa sheria. Tarehe 31 Julai Mahakama ya Rufaa ikaibatilisha Sheria ya Fedha ya 2023 nzima. Agosti, mwezi ambao KASNEB hufanya moja ya mitihani yake mitatu ya mwaka, Mahakama ya Juu ikasimamisha uamuzi huo, na tarehe 29 Oktoba ikautengua. Desemba yakaja marekebisho mengine, yakapandisha mchango wa pensheni unaoondolewa katika mapato kutoka shilingi 20,000 hadi 30,000 kwa mwezi. Katika mwaka kama huo aliyekariri viwango hakuwa na pa kushika. Aliyejua tofauti ya mswada na sheria, uzito wa uamuzi wa kila mahakama, na tarehe ambayo kila kifungu huanza kutumika, aliweza kufuata mambo hatua kwa hatua.

Pingamizi la pili ni la mazingira. Mtahiniwa wa Mutomo au Makindu mara nyingi ana kazi ya mchana, vyuo vyenye walimu wengi wa ushuru viko Nairobi, na lugha ya sheria ni ngumu. Yote ni kweli, lakini kwa maoni yangu yanaitetea hoja hii. Maandishi ya mwalimu wa Nairobi hugharimu pesa na hupitwa na wakati. Sheria zenyewe zinapatikana bure kwenye tovuti ya Kenya Law, na zikishapakuliwa kwenye simu husomeka hata pasipo mtandao. Wala hazihitajiki zote. Vifungu vya 3, 5, 15 na 16 vya Sheria ya Ushuru wa Mapato pamoja na Jedwali lake la Pili, majedwali mawili ya kwanza ya Sheria ya VAT ya 2013, na kifungu cha 51 cha Sheria ya Taratibu za Ushuru ya 2015 vinabeba sehemu kubwa ya somo. Anayesoma kifungu kimoja kila jioni, akakiandika upya kwa maneno yake mwenyewe, hata kwa Kikamba au Kiswahili, kisha akatafuta swali la zamani linalokihusu na kulijibu kwa sheria ya leo, anajenga uelewa ambao masomo ya haraka ya mwezi wa mwisho hayawezi kuutoa.

Wengine husema iTax, mfumo wa ushuru wa mtandaoni, unapiga hesabu wenyewe, kwa hiyo ujuzi huu unapitwa na wakati. Mfumo hupiga hesabu ya kile ulichouambia. Haumwambii mfanyabiashara wa ndengu kwamba ana haki ya kujitoa katika TOT. Akiletewa makadirio asiyokubaliana nayo, hautamwandikia pingamizi ndani ya siku 30 ambazo kifungu cha 51 kinampa, wala hautaeleza misingi ya pingamizi hilo. Kadiri mashine inavyochukua hesabu, ndivyo kazi ya mhasibu inavyobaki kuwa ileile ambayo mtihani unaipima.

Katika chumba cha mtihani hoja hii ina matokeo ya kivitendo. Saa tatu kwa alama 100 ni dakika 36 kwa swali la alama 20, na kufaulu ni alama 50. Dakika tano za mwanzo za kila swali zitumike kusoma: mwaka wa mapato ni upi, mlipaji ni mtu binafsi, ubia au kampuni, ni mkaazi au si mkaazi, na yuko chini ya utaratibu gani wa ushuru. Kisha kila kiasi kinachoongezwa au kuondolewa kiandikwe na sababu yake fupi, kwa kuwa karatasi yenyewe inaagiza hesabu zionyeshwe, na alama hutolewa kwa hatua. Kosa la kujumlisha hupoteza alama moja au mbili. Kosa la kuchagua utaratibu usiofaa laweza kulibeba swali zima.

Mtihani huu ni sehemu ya njia ya kusajiliwa kuwa mhasibu chini ya Sheria ya Wahasibu ya 2008, na atakayeupita ndiye mfanyabiashara wa Mwingi au Wote atamwendea akiwa na barua ya mamlaka ya ushuru, KRA, mkononi. Tofauti ya shilingi 180,000 na 52,600 kwa mtu aliyebakiwa na faida ya 390,000 ni tofauti ya biashara inayokua na biashara inayofungwa. Kwa hiyo walimu wa ushuru waanze somo na kifungu cha sheria kabla ya hesabu, na watahiniwa wajizoeze kuuliza kabla ya kukokotoa. Watakaofanya hivyo watafaulu, na wateja wao watakuwa salama mikononi mwao.