Dawa Isiyoweza Kushuka Chini ya Sifuri

Muuguzi wa zahanati huko Rudewa, wilayani Kilosa, akimpima mtoto aliyekuwa na kilo 9 mwezi uliopita na mzani ukasoma kilo 0.9, haandiki kilo 5 ili nukta ikae vizuri kwenye kadi ya kliniki. Humpima upya. Programu ya Shirika la Afya Duniani ya kukagua ukuaji hufuata busara hiyo: alama ya uzito kwa umri ikiwa chini ya −6 au juu ya +5 hutiwa alama ya shaka, lakini haibadilishwi.

Si kompyuta zote zenye adabu hiyo. Tatizo hujitokeza hasa pale programu inapokokotoa kitu kinachobadilika kadiri saa zinavyopita, kama vile kiasi cha dawa katika damu.

Mfano ni mgonjwa mtu mzima aliyedungwa gentamisini kisha akapewa rufaa kutoka Rudewa kwenda hospitali mjini Kilosa. Ikiwa figo zake ni nzima, dawa hiyo hupungua kwa nusu kila baada ya saa 2 au 3. Ichukuliwe kuwa ni saa 2, na kwamba damu ilianza na miligramu 16 kwa lita. Baada ya saa 2 zitabaki 8, baada ya 4 zitabaki 4, na baada ya 6 zitabaki 2.

Kompyuta huenda kwa hatua. Hutazama kasi ya upungufu wa sasa, ambayo hapa ni kama miligramu 5.5 kwa saa, kisha huizidisha kwa urefu wa hatua. Hatua ikiwa ya saa 6, itatoa 33 katika 16 na kupata −17, jambo lisilowezekana katika damu ya mwanadamu. Mwandishi wa programu mwenye haraka huongeza amri moja: kigeu kikishuka chini ya sifuri, kiwe sifuri. Jibu sasa lina sura ya heshima, nalo bado ni la uongo, kwa kuwa miligramu 2 zimo mwilini. Heri ile −17, maana angalau ilipiga kelele.

Tiba ipo. Hatua ikifupishwa hadi robo saa, jibu huwa karibu 1.8. Njia bora zaidi ni kukokotoa logarithimu ya kiasi badala ya kiasi chenyewe: logarithimu huweza kushuka itakavyo, ilhali kiasi kinachorejeshwa kutoka kwayo hubaki juu ya sifuri daima. Hapo mpaka umo ndani ya hesabu yenyewe, haukubandikwa baadaye.

Mpaka wa juu una hatari kubwa zaidi. Programu ikikataa kuamini kwamba dawa yaweza kuchukua zaidi ya saa 8 kupungua kwa nusu, itamhesabu mgonjwa wa figo kana kwamba dawa humtoka haraka kuliko ilivyo kweli, ilhali kwake muda huo waweza kuzidi siku nzima. Gentamisini ikirundikana huumiza figo zaidi, na huharibu usikivu usiorudi.

Kwa hiyo barua ya rufaa iandikwe saa ya sindano na kipimo cha dawa. Mgonjwa aliyeona mkojo wake umepungua, au masikio yakivuma baada ya sindano, amweleze mhudumu kabla ya dozi inayofuata, hata kama kompyuta imeandika sifuri.